Gari Lako ni Sisi Ngapi?

Nilipokuwa na miaka saba hivi niliamini kuna gari Mombasa linalobeba watu elfu mbili. Nyumba yetu ya Majengo ilikuwa na baraza mbele, na baada ya Maghrib babangu na wenzake walikuwa wakikaa hapo na birika la kahawa, wakizungumza mpira, bei ya mchele na magari. Siku moja mmoja wao alikuja na gari lililotoka melini, akaliegesha kando ya mtaro. Mwenzake akamuuliza, "Hili nalo sisi ngapi?" Akajibu kwa kujishaua, "Sisi elfu mbili!" Mimi nikachungulia dirishani nikahesabu viti. Vilikuwa vitano.

Sisi wale hawakuwa watu. Ni herufi mbili, C na C, kifupi cha sentimita za ujazo. Chukua dadu lenye sentimita moja kila upande: nafasi iliyomo ndani yake ni sisi moja. Ni sawasawa na mililita moja ya maji, kwa hivyo sisi elfu moja ni lita moja, na gari la baba wa barazani lilikuwa la lita mbili. Lita mbili za nini? Hapo ndipo nilipokwama, na nilikaa nimekwama muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Maana kazi yangu ni ya sisi. Nina miaka kumi na moja katika ofisi ya klaringi hapa mjini. Gari likishuka Kilindini mimi silioni. Naona karatasi zake. Cheti kilichotoka Japani, hati ya shehena, fomu ya ushuru. Na kila karatasi ina kisanduku cha ujazo wa injini, ambacho nimekijaza mara elfu kadhaa bila kujua kinajazwa nini. Wateja hawakosi kukiulizia. Sheria ya fedha ya mwaka 2019 iliweka mstari kwenye 1500: gari la kutoka nje lisilozidi hapo likabaki na ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, likizidi, ukiacha yale ya injini kubwa sana, likapandishwa hadi 25. Basi mtu akipiga simu kutaka gari, kabla ya kuuliza rangi au mwaka, atauliza, "Iko chini ya elfu na mia tano?"

Ajabu ni kwamba namba yenyewe haitulii. Chukua Probox ya Toyota yenye injini ya aina iitwayo 1NZ, gari ambalo ukisimama Buxton dakika tano utaziona nyingi hadi uchoke. Cheti cha Japani kitakuambia 1.49. Logbuku ya hapa, 1490. Vitabu vya Toyota vya kule kwao, 1496. Vitabu vya Toyota vya nchi nyingine, 1497. Mwenye yadi atakwambia elfu na mia tano, na atakuapia. Nilizoea kuzinakili zote kama zilivyo, kama mtu anayeandika majina ya wageni wa harusi asiowajua.

Mwaka juzi injini ya Probox yetu wenyewe ikaanza kugonga. Mume wangu ndiye anayeitumia sana, hupeleka mzigo wa madukani hadi Mariakani, na ilipokufa tuliambiwa hakuna haja ya kuitengeneza, tununue injini ya eksi-Japani, ya aina ileile, itiwe, mambo yaishe. Gereji iliyofanya kazi hiyo sitaitaja. Tulilipa bei ya 1NZ, gari likawaka kwa ufunguo wa kwanza, tukafurahi.

Lakini mlima wa Mazeras ukawa mrefu. Mwanzoni mume wangu alilaumu mzigo, halafu akalaumu petroli, halafu akanilaumu mimi na AC. Gari lilikuwa likienda, halikuwa bovu, ila ukifika pale barabara inapoinuka ulikuwa unashusha gia mapema kuliko zamani, na malori yaliyokuwa nyuma yako yakawa yanakupumulia kisogoni. Tukazoea. Baada ya mwaka na nusu likaanza kutoa moshi wa buluu asubuhi na kula oili, na ndipo nilipolipeleka kwa Ami.

Ami si ami yangu wa damu. Ni mzee wa makamo ya babangu, alianza ufundi kijana kwa kuosha bolti, na gereji yake ni mwarobaini mmoja, mabati mawili na kontena la kufungia vyombo, nyuma ya Tononoka. Siku aliyotoa hedi, kile kichwa kinachofunika injini kwa juu, alinipigia simu kazini. "Mwanangu, hebu ndoo uone kitu. Si cha kuambiwa kwa simu."

Nilikuta injini iko wazi. Kama hujawahi kuona injini bila hedi, fikiria tofali la alumini lenye mashimo manne ya duara, yamepangwa foleni, kuta zake za chuma kilaini kama kioo, na ndani ya kila shimo kuna kifuniko kinachopanda na kushuka. Mashimo ndiyo silinda, vifuniko ndivyo pistoni. Ami alimwambia kijana wake azungushe kranki, mhimili wa chini unaozipandisha na kuzishusha pistoni, kwa spana, polepole. Pistoni ya kwanza ikashuka ndani ya shimo lake, ikafika chini, ikaanza kupanda tena.

"Wamuona?" akasema Ami. "Huyu mbona hashuki?"

Mimi niliona ameshuka. Yeye aliona ameshuka kidogo. Mtu aliyefungua 1NZ mia anajua kwa jicho pistoni yake inavyozama, kama mvuvi anavyojua maji yamekupwa kiasi gani bila kutazama jedwali. Akachukua venia, kile kipimo cha chuma cha mafundi, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akapima mdomo wa silinda. Milimita 75. "Hapa sawa," akasema. Kisha pistoni ikiwa juu kabisa akateremsha ule ulimi mwembamba unaotoka mkiani mwa venia, akasoma. Kijana akazungusha kranki mpaka pistoni ikawa chini kabisa, Ami akateremsha ulimi tena, akasoma. Akatoa kipimo cha kwanza katika cha pili. Milimita 73 na nusu.

"1NZ hushuka 84 na pointi saba," akasema. Hakuongeza neno. Akamimina mafuta ya taa kidogo ubavuni mwa bloku, lile tofali lenyewe, mahali palipoganda uchafu wa miaka, akasugua kwa brashi ya waya. Herufi zikatokea moja moja. 2, kisha N, kisha Z.

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, mwanangu."

Ningeweza kuanza kupiga kelele hapo, na nilipiga baadaye, lakini kilichonishika kwanza kilikuwa kingine. Ami alichukua kipande cha chaki, akachuchumaa, akaandika hesabu kwenye saruji. Mimi nikatoa simu nikawa nampigia kikokotoo. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja niliona kile kisanduku kikijazwa na kitu.

Ujazo wa injini ni nafasi inayofagiwa na pistoni inapotoka juu kabisa mpaka chini kabisa, basi. Si mafuta, si oili, si ukubwa wa lile tofali lote. Silinda ni mkebe. Ukitaka kujua mkebe unaingia kiasi gani unahitaji upana wa mdomo na kina. Upana ni kipenyo cha silinda, kina ni mwendo wa pistoni. Ami huandika kwa sentimita ili jibu litoke kwa sisi moja kwa moja: 7.5 mara 7.5, upate 56.25. Zidisha kwa 0.7854, ambayo ni robo ya ile pai ya shuleni, na ndiyo inayougeuza mraba kuwa duara. Unapata sentimita za mraba 44.18, huo ndio mdomo. Zidisha kwa mwendo, 7.35. Silinda moja ni sisi 324.7. Ziko nne. Simu ikaandika 1298.85.

Halafu tukafanya ile niliyolipia. Mdomo uleule, 44.18, mara 8.47. Sisi 374.2 kwa silinda, 1496.8 kwa zote nne. Na papo hapo fumbo la zile namba likafumbuka peke yake. Hesabu inatoa 1496 na pointi nane. Wajapani hukata kilichobaki: wanaandika 1496, na kwenye cheti chenye nafasi mbili tu baada ya nukta wanakata tena, 1.49. Huku kwetu 1.49 ikigeuzwa sisi inakuwa 1490, na sisi sita zimemwagika njiani. Wengine wanakaribisha kwenda juu, 1497. Mwenye yadi hakokotoi chochote. Hata vile vigari vidogo vya Japani, ambavyo kwa sheria yao havizidi sisi 660 tangu mwaka 1990, karatasi zake huja zimeandikwa 0.65 kwa sababu hiyohiyo ya kukata. Nilikuwa nikidhani ni makosa ya chapa.

Kijana wa Ami alikuwa na chupa ya soda mkononi, ile ya kioo ya mililita 300. Nilimwomba. Silinda niliyouziwa ni soda ile na mikupuo miwili ya ziada. Niliyolipia ni soda ile na zaidi ya kikombe kizima cha kahawa, na nilipimia vikombe vyangu vya nyumbani kwa sirinji usiku ule, kwa hivyo usinibishie.

Lakini pesa zangu hazikupotelea kwenye upana. Ndiyo hila ya injini hizi mbili: midomo ni sawa, na kwa macho ya mtu kama mimi, ukifungua boneti huoni tofauti. Tofauti iko chini, kwenye kranki. Ukitaka kuielewa tazama mguu wa mtu anayeendesha baiskeli. Pedali imefungwa kwenye mkono wa chuma. Mguu unapanda na kushuka mara mbili ya urefu wa mkono ule. Kranki ya injini ni pedali nne zilizopangwa kwenye mhimili mmoja. Ile ya 1NZ ina mkono wa milimita 42 na kidogo, ya 2NZ ni 36 na robo tatu. Tofauti yao haifiki milimita sita, upana wa kalamu nyembamba. Mwendo unatofautiana mara mbili yake, milimita 11.2. Nilitazama ukucha wa kidole gumba changu. Hapo ndipo palipokuwa mlima wa Mazeras.

Nikamuuliza Ami kuhusu ile nafasi ya juu, maana pistoni ikifika kileleni haigusi hedi. Panabaki uwazi ambamo plagi inapiga cheche. Hiyo haihesabiwi? "Haihesabiwi," akasema. Ni nafasi ya kubanwa, si ya kufagiwa. Hizi injini zote mbili hubana mara kumi na nusu: kilichokuwa kikijaza nafasi yote pistoni ikiwa chini kinasongwa mpaka kikae katika sehemu moja ya kumi na nusu. Ukigawa vizuri, 324.7 kwa 9.5 (kumi na nusu ukitoa ile moja ya uwazi wenyewe), uwazi ule ni sisi 34 na kidogo, vijiko viwili vya chakula na robo hivi. Ulimwengu mzima wa gari langu, kutoka Majengo hadi Mariakani na mzigo, unaripuka ndani ya vijiko viwili na robo.

Wakati huo vijana wawili wa boda walikuwa wamesimama kutusikiliza, na kila mwenye pikipiki huamini anajua sisi zake. Wa kwanza alisema yake ni 150 kamili. Ami akamwambia akaisome ubavuni. Pikipiki nyingi za Kichina zina alama iliyogongwa kwenye mwili wa injini, na ukijua kuisoma imekwambia nusu ya habari. Yake ilikuwa 162FMJ. Moja ya mwanzo ni idadi ya silinda. 62 ni kipenyo, kwa milimita. F, hupozwa kwa upepo. M, ni ya pikipiki. J ni daraja la 150. Mwendo wake ni milimita 49.5, hesabu inatoa 149.4. Kijana akafurahi.

Injini yake ina ukoo. Babu yake ni Honda CG125 ya miaka ya 1970, ambayo Wachina waliinakili mpaka ikawa kama mali ya umma. Babu alikuwa na kipenyo cha 56.5 na mwendo huohuo, 49.5, sisi 124. Mjukuu akapanuliwa mdomo milimita tano na nusu, urefu ukaachwa, akapata sisi 25 zaidi. Huko ndiko kukua kwa kunenepa. Toyota wao walirefusha. Na kunenepa kuna faida kwenye hesabu, kwa sababu kipenyo huzidishwa kwa chenyewe. Kila milimita ya upana inalipa kuliko unavyotegemea.

Wa pili alikuwa na Boxer, imeandikwa 150 ubavuni kwa herufi kubwa. Kipenyo 56, mwendo 58.8. Simu ikasema 144.8, na ndivyo ilivyoandikwa hata kwenye vitabu vyake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini ina nguvu kumshinda huyu." Wakaanza kubishana na mjadala ukahamia kwingine.

Hesabu ya kunenepa ilinifanya nicheke peke yangu. Injini ikila ukuta wa silinda, fundi huuchonga upya mpana kidogo na kutia pistoni kubwa. Wenyewe wanaita ovasaizi. Chukua 1NZ ya halali, iliyolipiwa ushuru wa chini ya 1500. Ichonge nusu milimita tu, kipenyo kiwe 75.5. Piga hesabu: 1516.8. Imevuka mstari! Hakuna afisa atakayejua, na gari limeshalipiwa zamani, lakini mimi karani nilikaa nikiiwazia ile nusu milimita ikipita langoni bila kutozwa. Ami alinirudisha duniani. Slivu, zile kuta za chuma za silinda, kwenye injini hizi za alumini ni nyembamba, akasema, yeye hazichongi. Mwenye kutaka kuchonga akachonge injini za zamani za chuma kitupu.

Kutoza kodi kwa kupima silinda ni mchezo wa zamani kuliko ofisi yetu. Uingereza, mwaka 1921, kodi ya gari ikawa pauni moja kwa kila nguvu ya farasi, ila farasi wenyewe walikuwa wa karatasi: unachukua kipenyo kwa inchi, unakizidisha kwa chenyewe, mara idadi ya silinda, unagawa kwa 2.5. Mwendo wa pistoni haukuingizwa kabisa. Waunda magari hawakuwa wajinga. Wakabana mdomo na kuongeza kina, na kwa zaidi ya miaka ishirini injini za Kiingereza zikawa nyembamba na ndefu kama minazi. Austin 7, iliyouzwa kati ya 1922 na 1939, ilipata ile saba yake kwenye hesabu hiyo. Kwa miaka mingi kipenyo chake kilikuwa inchi 2.2, yaani milimita 56 kasoro chembe, sawa na Boxer ya yule kijana. Gari zima la familia, silinda nne, sisi 747. Waliobuni kodi ile walidhani wanapima injini. Kumbe wao ndio waliokuwa wakizichora.

Mimi nadhani serikali hupenda sisi kwa sababu ni rahisi kuandika, na wanaume wa barazani huzipenda kwa sababu ni rahisi kutaja. Hazibadiliki ukilala. Lakini sisi ni ukubwa wa mdomo. Shibe ni jambo lingine. Injini haili petroli peke yake, inakula hewa kwanza, na petroli huja kama kitoweo: kwa uzito, kila sehemu moja ya petroli hutaka hewa sehemu 14.7. Sisi 1500 maana yake ni kwamba kila kranki ikizunguka mara mbili, injini inajaribu kuvuta lita moja na nusu ya hewa. Ikizunguka mara 3000 kwa dakika, na umekanyaga mpaka mwisho, ni lita 2250 kwa dakika.

Hewa ya wapi, sasa? Madereva wa masafa husema gari likifika Nairobi linachoka, na mimi nilidhani ni usingizi wao. Nairobi iko juu mita 1700 hivi. Hewa ya kule ni nyepesi kuliko yetu ya pwani kwa kadiri ya asilimia 15, hata ukihesabu joto letu. Mdomo ni uleule, tonge ni dogo. Kwa maana hiyo 1NZ iliyoko Nairobi inakula karibu sawa na 2NZ iliyoko Mombasa, na mume wangu alipolisikia hilo alisema basi yeye ameendesha gari la Nairobi mwaka na nusu bila kupewa hata posho ya safari. Turbo ni dawa ya jambo hilo: feni inayozungushwa na moshi wenyewe unaotoka, inaisukuma hewa iingie kwa nguvu. Sisi hazibadiliki, shibe inaongezeka. Ndiyo maana Hiace ya dizeli yenye sisi 2494 na turbo inapanda na abiria wake wote na viroba juu.

Ukienda kwa watu wa bahari, lugha hii haipo kabisa. Shemeji yangu ana boti Mtongwe. Muulize enjini yake sisi ngapi, atakutazama. Muulize ni ya ngapi, atakwambia ya kumi na tano, au ya arubaini, na hizo ni nguvu za farasi. Nilitafuta: Yamaha ya kumi na tano ina sisi 246, ya arubaini ina 703. Tuktuk, kwa kulinganisha, nyingi ziko karibu na sisi 200 na hutoa nguvu kumi hivi. Mashine hizi za boti ni za mipigo miwili. Silinda inaripuka kila kranki ikizunguka mara moja, wakati ya tuktuk huripuka mara moja katika mizunguko miwili. Huwezi kuzipima kwa ratili moja. Wavuvi, ambao hakuna aliyewatoza kodi kwa sisi, waliuliza swali la maana tangu mwanzo.

Na kama unataka kuona upuuzi wa majigambo yetu, nenda Mama Ngina jioni meli ya makontena ikiingia. Injini kubwa za meli huhesabiwa kwa kanuni ileile ya chaki ya Ami. Kuna moja maarufu, RT-flex96C, kipenyo cha silinda yake sentimita 96, mwendo wa pistoni mita mbili na nusu. Silinda moja ni lita 1810. Gawa kwa mitungi ya lita ishirini: mitungi tisini na nusu, mikokoteni kadhaa ya muuza maji, ndani ya shimo moja. Ile ya Emma Mærsk, meli ya mwaka 2006, ina mashimo kama hayo kumi na manne. Sijui afisa wa ushuru angejaza kisanduku gani.

Nilirudi kwa ile gereji. Nilichukua picha ya namba ya bloku, na karatasi ya hesabu niliyoiandika upya vizuri kwa kalamu. Mwenyewe aliitazama hesabu kwa adabu, akageuza karatasi akaona nyuma hakuna kitu, akanirudishia. "Dada, kwani gari si latembea?" Nikamwambia nilinunua lita moja na nusu. Akasema injini hununuliwa nzima, hainunuliwi kwa lita. Tulivutana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, akatoa elfu saba akasema ni kwa ajili ya undugu, si kwa ajili ya kosa. Nilizichukua. Namba ya injini kwenye logbuku yetu ilikuwa bado ile ya injini iliyokufa, na mtu wa kazi yangu mwenye aibu hiyo nyumbani kwake hapaswi kuwa na mdomo mrefu sana.

Ami aliniuliza nataka nini: atafute 1NZ ya kweli, au aitengeneze hii. Nilipiga hesabu nyingine, ya pesa, na hiyo haikuhitaji pai. Nikamwambia afunge. Akatia ringi mpya, akasaga vavu, akabadilisha gaskiti ya hedi. Siku ya kulichukua gari alikaa juu ya dumu, akatoa kitabu chake cha risiti chenye alama za vidole vya oili kila ukurasa, akaandika: ovahoo, Probox, 2NZ. Halafu akaniuliza aandike sisi ngapi.

"1298," nikasema.

"Mbona? Simu yako yasema pointi themanini na tano. Hiyo ni 1299."

Nikamweleza kwamba Wajapani hukata, hawapandishi, na mimi karatasi zangu nazitaka zifanane na zao. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akatikisa kichwa kama aliyekubali, akaandika 1300.